Damu ya pande mbili: kisa cha Arua kilichoanza kama kesi ya mauaji

Fomu ya polisi nambari 48, ile inayoombea uchunguzi wa maiti, ilifika na sentensi moja tu kwenye nafasi ya maelezo: marehemu alipigwa kichwani kilabuni siku ya Ijumaa, akafia hospitali Jumatatu usiku. Aliyedaiwa kumpiga alikuwa tayari mahabusu. Ukoo ulikuwa umeshakaa kikao. Kwa macho ya waliosimama nje ya mochwari asubuhi ile, kazi iliyobaki ilikuwa daktari afungue fuvu, aione damu, atie sahihi, watu wakazike.

Damu ilikuwepo kweli, na ndiyo iliyoivuruga kesi.

Niseme mapema kwamba kisa hiki nimekiunga kwa ajili ya kufundishia. Hakuna marehemu mmoja nyuma yake, na vipimo vyake ni vya kisa tu. Mambo ya mwili, sumu na maabara ndiyo ya kweli. Nimekiweka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa kuwa ni mji ambao askari, dereva wa lori kutoka Kongo na mama muuza samaki huelewana kwa Kiswahili, na kwa kuwa sumu ya kisa hiki inajulikana huko. Agosti 2022 familia za Arua na Madi-Okollo zilizika watu waliokunywa jini iliyoharibiwa. Kabla ya hapo, Aprili 2010, Kabale ilipoteza watu wapatao 80 katika muda wa wiki chache kwa waragi, yaani gongo ya Uganda, iliyochanganywa na methanoli, alkoholi ya viwandani yenye sumu.

Marehemu wetu alikuwa mwendesha bodaboda wa miaka 34. Mnywaji wa wastani kwa kipimo cha mtaa wake, maana yake kilabuni alionekana, na stendi alionekana pia. Ijumaa jioni alikunywa waragi ya kupimiwa kwa kikombe kutoka kwenye jerikeni ya njano. Mnamo saa tatu usiku akagombana na jirani yake juu ya deni la petroli. Jirani akamsukuma, naye akaanguka na kugonga paji la uso kwenye ukingo wa benchi. Ngozi ikachanika juu ya jicho la kushoto. Aliinuka mwenyewe, akatukana alivyoweza, akaenda nyumbani kwa miguu.

Jumamosi aliamka kichwa kikimgonga. Nani angeshangaa? Akaenda kuzimua kwa vikombe kadhaa vya kwete, pombe ya kienyeji ya mahindi, akarudi akiwa afadhali, akala, akalala. Hiyo kwete tutairudia. Usiku akamwamsha mkewe kumwuliza mbona taa imefifia. Taa ya sola ilikuwa inawaka vizuri tu. Akasema anaona ukungu mweupe mbele yake.

Alfajiri ya Jumapili tumbo lilimkata, akatapika, akaanza kuhema haraka na kwa kina. Kliniki ya jirani ilimpima malaria ikamtundikia dripu. Hadi anafikishwa hospitali ya rufaa adhuhuri, alikuwa hajibu akiitwa. Kadi ya wodini iliandikwa “jeraha la kichwa”, kwa sababu jeraha ndilo lililoonekana. Usiku akapata degedege. Jumatatu saa tatu usiku akakata roho, siku tatu kamili baada ya ugomvi.

Mimi faili hili ningeanza kulisoma kwenye maandishi ya muuguzi, kabla hata ya kuvaa glavu. Muuguzi wa zamu aliandika mistari miwili Jumapili mchana: pumzi 36 kwa dakika, za kina, mapafu safi, mboni kubwa, hazisinyai kwa mwanga. Mgonjwa ambaye ubongo wake unabanwa na damu ya kupigwa mara nyingi pumzi zake hupungua au hukosa mpangilio. Anayehema kwa nguvu ilhali mapafu hayana kitu huwa mwili wake unapambana na asidi iliyojaa kwenye damu, unaitoa kwa njia pekee ya haraka uliyo nayo, yaani kupumua. Unganisha na ule ukungu machoni, na tayari una jambo la kuuliza ambalo fomu nambari 48 haikuliuliza.

Mezani, nje ya mwili kulikuwa na jeraha moja la sentimita mbili juu ya nyusi. Ngozi ya kichwa ilipovuliwa, damu iliyovilia chini yake haikuzidi sentimita tatu, mahali pale pale pa jeraha. Fuvu zima halikuwa na ufa. Kati ya fuvu na utando mgumu wa ubongo hapakuwa na damu, wala chini ya utando huo. Ncha za mbele na za pembeni za ubongo, ambazo ndizo huchubuka mtu akianguka vibaya au akipigwa, zilikuwa safi.

Ubongo wenyewe ulikuwa umevimba, mikunjo yake imebanana. Ulipokatwa vipande kutoka mbele kwenda nyuma, ndani kabisa, kulia na kushoto, kile kiini kiitwacho putameni kilikuwa kimelainika na kugeuka rangi ya kahawia, na damu imevujia ndani yake. Upande wa kushoto palikuwa pabaya zaidi kidogo. Pande zote mbili doa lilifuata umbo la kiini, halikusambaa ovyo.

Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa mlangoni.

“Daktari, damu umeiona?”

“Nimeiona, mzee wangu.”

“Basi andika.”

“Nitaandika. Na nitaandika ilikuwa wapi.”

Jibu hilo lilimuudhi, na simlaumu. Mtu aliyepoteza mdogo wake haji mochwari kusikiliza jiografia ya ubongo. Ila kesi yote ilikuwa humo. Damu ya kipigo ina makazi yake: juu ya ubongo, chini ya utando, kwenye ncha, kando ya ufa wa fuvu. Kipigo kikubwa sana, kama cha ajali ya gari, kinaweza kuvujisha damu hadi kwenye viini vya ndani, lakini hakifiki huko bila kuacha alama njiani, na njia ya marehemu huyu ilikuwa haijaguswa.

Daktari wa wodini, aliyekuja kutazama, alisema presha. Hakusema upuuzi. Putameni ndiyo mahali panapovuja damu mara nyingi zaidi mtu anapopata kiharusi cha presha, kwa sababu vishipa vyembamba vinavyoilisha hudhoofika na kupasuka. Daktari mwenye haraka angeishia hapo, na ripoti yake ingesomeka vizuri. Lakini kiharusi cha presha kwa kawaida hupiga upande mmoja. Pande mbili kwa wakati mmoja, kwa ulinganifu huu, ni nadra mno. Presha ya muda mrefu pia huacha ushahidi kwingine: ukuta wa kushoto wa moyo hunenepa, uso wa figo hukwaruzika. Moyo wa kijana huyu ulikuwa wa kawaida na figo zake nyororo.

Kuna tofauti ya ndani zaidi, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Kwenye presha, mshipa hupasuka na damu inayotoka husukuma ubongo uliokuwa mzima. Hapa ubongo ulikufa kwanza, kisha vishipa vilivyokuwa ndani ya nyama hiyo iliyokufa vikaanza kuvuja. Kwa jicho la kawaida utaona ulaini na kahawia iliyochanganyika na damu, si bonge moja jekundu. Kwa darubini utaona seli za neva zilizokufa hata pale ambapo damu haikufika. Damu ilikuja nyuma ya kifo cha nyama.

Na kinachoua putameni mbili kwa pamoja, katika mtu aliyelalamika kuwa haoni, ni methanoli.

Methanoli kama ilivyo hulewesha tu. Ubaya huanzia kwenye ini. Kimeng'enya kile kile kinachoshughulikia pombe ya kawaida huigeuza kuwa fomaldehaidi, na hiyo hugeuka haraka kuwa asidi ya fomiki. Asidi hii huingia kwenye mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na kufunga hatua ya mwisho ya matumizi ya oksijeni. Damu inaleta oksijeni, seli haiwezi kuitumia. Zinazoumia mwanzo ni zile zinazokula nishati nyingi, na kati yake zimo neva za macho na putameni. Kwa nini putameni hasa, wataalamu bado wanajadili. Wengine hutaja jinsi damu chafu inavyotoka polepole katika sehemu hiyo, wengine hutaja asidi kurundikana humo. Mpangilio wenyewe, hata hivyo, umeandikwa mara nyingi vya kutosha kwamba daktari wa maiti akiukuta anatakiwa kuuliza marehemu alikunywa nini.

Sasa turudi kwenye kwete. Kimeng'enya cha ini huipenda ethanoli, pombe ya kawaida, mara kumi na zaidi kuliko methanoli. Kikipata zote mbili hushughulikia ethanoli kwanza na kuiacha methanoli isubiri. Ile kuzimua ya Jumamosi ndiyo iliyompa marehemu mchana mmoja wa unafuu, na ndiyo iliyosogeza dalili mbali na Ijumaa kiasi kwamba hakuna aliyeziunganisha na jerikeni. Hospitali hutumia kanuni hiyo hiyo kama tiba: ethanoli kwa kipimo, au dawa ya fomepizoli ambayo imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu, pamoja na baikaboneti ya kupunguza asidi na mashine ya kusafisha damu. Kwete ya kilabuni haikumtibu. Ilipoisha, ini likarudi kwenye methanoli iliyokuwa ikingoja.

Damu ile ina habari moja zaidi, na familia nyingi haziambiwi. Anayekufa kwa methanoli ndani ya siku ya kwanza mara nyingi hukutwa na ubongo uliovimba tu. Ili putameni ife na kuvuja damu kiasi cha kuonekana kwa macho, mtu huhitaji kuishi zaidi ya siku moja hivi baada ya kunywa. Kwa hiyo damu ilishuhudia kwamba palikuwa na muda. Kwa upande mwingine, wengi wa wanaokufa kwa sumu hii hawavuji damu kabisa, na mchunguzi anayesubiri kuiona ndipo afikirie methanoli atawapitisha wengi. Madaktari pia wamejadili sana kama heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda inayotumika kwenye mashine ya kusafisha damu, huzidisha uvujaji. Marehemu huyu hakuwahi kufikishwa kwenye mashine, kwa hiyo hilo halimhusu.

Sumu nyingine zinazoacha damu kichwani zilipitiwa haraka. Sumu ya panya ya jamii ya warfarini huzuia damu kuganda, na ingetokeza damu kwenye fizi, kwenye mkojo na chini ya ngozi, siyo kwenye viini viwili pekee. Sumu ya kifutu nayo hivyo hivyo, na ingeacha kovu la meno na mguu uliovimba. Moshi wa sigiri, yaani jiko la mkaa, katika chumba kilichofungwa hushambulia kiini cha jirani kiitwacho palidamu, na maiti huwa na wekundu wa waridi. Dawa za kuulia wadudu shambani, ambazo kwa bahati mbaya zinafahamika sana katika mochwari za Uganda, huacha uvimbe na vidoa vya damu vya kukosa hewa, lakini mboni husinyaa na mate hutiririka. Mboni za huyu zilikuwa kubwa.

Mpaka hapo daktari alikuwa na mashaka yenye nguvu. Uthibitisho ulikuwa maabara, na hapo ndipo kisa kilikaribia kuharibika.

Mwili ulikuwa umeshapigwa sindano.

Ndugu walitaka kusafiri kwenda kijijini, na Jumanne alfajiri mhudumu wa mochwari aliingiza fomalini ili mwili usiharibike njiani. Ni huduma ya kawaida, hakuna aliyefanya hila. Fomu ya polisi ilikuja saa mbili baadaye. Tatizo ni kwamba fomalini ya dukani, ambayo ni fomaldehaidi iliyoyeyushwa kwenye maji, ina methanoli ndani yake, mara nyingi asilimia 10 hadi 15, iliyowekwa makusudi ili fomaldehaidi isigande chupani. Ikipita kwenye mishipa inafika kwenye damu ya paja, kwenye figo, hata kwenye ute wa jicho. Ukiipima maiti ya namna hiyo utakuta methanoli, na itakachothibitisha ni kwamba maiti ilipigwa fomalini. Asidi ya fomiki nayo haikuokoi, maana fomaldehaidi inaweza kugeuka kuwa asidi hiyo hiyo. Wakili yeyote mwenye kusoma kidogo angelibomoa jibu hilo kwa dakika tano.

Nimewasikia watu wakisema basi hapo uchunguzi umekufa. Haujafa. Mtu aliyelala wodini siku mbili huwa ameacha damu yake mahali.

Jumapili mchana, wodi ilipotaka kujua wingi wa damu, ilijazwa tyubu yenye kifuniko cha zambarau. Kipimo kilitumia matone machache, na tyubu ikarudi kwenye friji ya maabara kusubiri siku ya kutupwa takataka. Damu ile ilitoka mwilini karibu siku mbili kabla ya fomalini. Methanoli huruka hewani, kwa hiyo kiwango ndani ya tyubu kinaweza kuwa kimepungua, kuongezeka hakiwezi. Askari wa upelelezi akaandikiwa jina, saa na namba, akatia sahihi, ikafungwa kwa lakiri kwenye boksi la barafu pamoja na vitu vingine viwili: sampuli ya fomalini ile ile iliyotumika, na mabaki ya jerikeni. Fomalini iliwekwa ili asitokee mtu baadaye kuuliza ilikuwa na nini. Boksi likapanda gari kwenda Wandegeya, Kampala, kwenye maabara ya serikali ya uchambuzi, karibu kilomita 500.

Wakati huo sheria ilikuwa na saa yake. Katiba ya Uganda inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 tangu akamatwe, na majibu ya sumu hayaji kwa saa 48. Shtaka la kuua kwa kukusudia hakimu wa kawaida hana uwezo wa kulitolea dhamana. Hiyo ni kazi ya Mahakama Kuu. Jirani angeweza kukaa rumande miezi akisubiri karatasi. Daktari akatoa ripoti ya awali yenye sentensi mbili: chanzo cha kifo kinasubiri majibu ya maabara, katika kichwa na ubongo halikuonekana jeraha la kipigo linaloweza kusababisha kifo. Kwa maoni yangu sentensi ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko karatasi nyingine zote za faili. Madaktari wengi huandika ile ya kwanza na kunyamaza, wakidhani kunyamaza ni uangalifu. Polisi wanaosoma “inasubiri majibu” juu ya fomu inayosema “alipigwa” huendelea na kipigo.

Mke wa marehemu naye alileta jambo bila kuulizwa. Alikuja kituoni kudai simu ya mumewe, akasema akiwa anaondoka: “Afande, na yule mama wa sokoni aliyekaa naye meza moja, tangu juzi haoni.” Mama huyo alipatikana hai, macho yamezimika, akidhani amerogwa. Jirani aliyeko mahabusu, ilipoulizwa vizuri, ilijulikana kuwa usiku ule alikunywa bia ya chupa tu.

Majibu yalipokuja, tyubu ya zambarau ilikuwa na methanoli miligramu 900 kwa lita, na ethanoli hakuna. Madaktari huanza tiba kikifika 200. Jerikeni ilikuwa na methanoli zaidi ya theluthi ya kimiminika chote, na kiasi hicho hakitoki kwenye chungu cha kupikia. Waragi ya kijijini, hata iliyopikwa kwa ndizi, huwa na methanoli kidogo inayotoka kwenye tunda lenyewe. Kufikia kiwango kama hiki ni lazima mtu awe amemimina spiriti ya kiwandani kwa sababu ni rahisi kuliko kukesha na moto. Kilabu kilinunua kwa mchuuzi, mchuuzi akataja ghala, na ghala lilikutwa limefagiliwa.

Ripoti ya mwisho ilitaja chanzo cha kifo kuwa sumu ya methanoli, na kufa na kuvuja damu kwa putameni zote mbili kukaandikwa kama matokeo yake. Jeraha la nyusi liliandikwa kwa urefu wake, pamoja na maelezo kwamba halikuchangia. Shtaka la mauaji likaondolewa, likabaki la kushambulia, dogo. Kaka mkubwa alisomewa ripoti mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na akauliza swali ambalo ndilo ningeuliza mimi: kama damu ilionyesha aliishi siku tatu na sumu, kwa nini wodini hawakuijua? Jibu la kweli ni kwamba kadi ilisema jeraha la kichwa, na hakuna aliyemwuliza mkewe kuhusu macho.

Bado kuna mzee mmoja. Alikunywa kwenye jerikeni ile ile, akafa Jumapili nyumbani kwake, ikasemwa ni malaria, akazikwa siku hiyo hiyo kwa taratibu za Kiislamu. Polisi wameomba amri ya hakimu ya kufukua. Ubongo wake, baada ya wiki kadhaa kwenye udongo wa joto, utakuwa umeyeyuka, na asitarajie mtu kuona doa la damu kushoto wala kulia. Ila mwili wake haukuguswa na fomalini. Msuli wa paja ukichukuliwa kutoka ndani, pamoja na udongo wa kando ya kaburi wa kulinganisha, unaweza kuieleza maabara kitu ambacho mwili wa kijana haukuweza, mradi mchambuzi akumbuke kwamba bakteria wa uozo nao hutengeneza alkoholi. Familia ya mzee bado haijakubali, na shehe wa mtaa ameombwa aje azungumze nao kabla hakimu hajatia sahihi.